Gidabuday, Mwenzangu wa Juu ya Gogo

Nyayo za Gidabuday nilizijua kabla sijaujua uso wake vizuri. Miaka saba nilifanya kazi ndani ya shimo, chini ya gogo, naye alisimama juu ya gogo hilohilo, msumeno mmoja kati yetu. Nikiinua macho niliona visigino viwili vilivyopasuka, pindo la shuka, na kipande cha mbingu. Halafu vumbi la mbao linamwagika, nafumba macho, navuta.

Mimi ni Nikolausi Margwe wa Nambis. Wajukuu wangu wakiniuliza habari za kambi ya mbao ya Mlima Hanang wanataka niwasimulie chui. Chui nilimsikia mara mbili tu, na ya pili nadhani alikuwa Felician, msimamizi wetu, anakoroma. Ninachokumbuka ni ukungu. Ulikuwa unaingia jikoni kwa Fabiola, mpishi wetu, bila kubisha hodi, unakaa kati ya masufuria, na mtu aliyekuwa ananyoosha mkono kupokea uji wake alionekana mkono kwanza, mwenyewe baadaye. Tulisahau siku za wiki. Mti wa podo ukianguka, msitu mzima unanyamaza kidogo, kisha ndege mmoja anaanza tena, na wewe umesimama na shoka hujui kama umelala au uko macho. Nilikuwa na furaha kule. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani tulikuwa tunateseka tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shimo linachimbwa kwenye mteremko, magogo mawili manene yanalazwa juu yake kama jukwaa, na gogo la kupasuliwa linaviringishwa hadi pale. Tunachukua uzi, tunaupaka masizi meusi ya betri kuukuu za redio, tunaukaza kutoka kichwa cha gogo hadi mkiani, mmoja anauvuta juu na kuuachia. Unabaki mstari mweusi ulionyooka. Mtu wa juu anafuata mstari. Mtu wa chini haoni mstari wala chochote. Anavuta na kumwamini mwenzake.

Mwenzangu alikuwa Mbarabaig, mfugaji wa uwandani. Mbarabaig asiye na ng'ombe ni jambo la kushangaza, na Mbarabaig mwenye msumeno tuliona ni kichekesho, kwa hiyo tulimcheka. Alipofika kambini, mwaka ule wa vita vya Kagera, hakujua hata kushika tupa ya kunolea. Ndugu zake walikuwa wamehamisha mifugo kwenda kusini baada ya majani kugeuka ngano. Yeye peke yake akapanda mlima. Hakutueleza sababu, nasi hatukumuuliza, tukaamua wenyewe kwamba amegombana na kaka zake.

Upande wetu wa mlima ulitazama magharibi. Pale tulipokuwa tumekwisha angusha miti, palikuwa wazi kama dirisha, na ikifika saa nne ukungu ulichanika na uwanda wote ukajitokeza chini. Ngano ya serikali ilikuwa imelala huko hadi macho yanapochoka. Mvua zikinyesha ilikuwa kijani kibichi, mwezi wa saba ikawa njano, na upepo ukipita juu yake ulionekana unapita. Kila siku saa nne Gidabuday alisimamisha msumeno. Nami shimoni nilishukuru, nikapangusa macho, nikasubiri. Anatazama kidogo, kisha anasema, "Lipo." Halafu, "Vuta."

Mwaka mzima nilidhani ni jina la Mungu wao. Nilipomuuliza alicheka mpaka akakaa juu ya gogo.

"Ni kaburi la baba, Niko," aliniambia. "Lipo pale kwenye ngano."

Akanieleza taratibu. Kwao mzee aliyeheshimiwa sana hazikwi hivi hivi. Watu wanakusanyika kutoka mbali, miezi inapita, wanambebea udongo na kumjengea kilima, wanasimamisha miti juu yake, na wanawe wanarudi na asali kumsalimu. Udongo wa baba yake ulibebwa kutoka mtoni, mwekundu. Shamba lilipokuja, kilima kilijikuta katikati ya ngano. Msimu wa kwanza trekta zilipokikaribia, Gidabuday alisimama mbele ya moja akiwa na fimbo yake tu, na dereva, mtu muungwana, akazunguka. Tangu hapo walikuwa wakizunguka. Lakini madereva walikuwa wakibadilishwa. Ndiyo sababu alitafuta kazi mahali ambapo angeona trekta zikianza kulima upande wa mbali, apate siku tatu nne za kushuka kabla hazijafika.

Kwa hiyo hakugombana na mtu. Alikuwa mlinzi. Niliona aibu kidogo, kisha vumbi likamwagika, nikavuta.

Nikiri sasa jambo langu. Nilikuwa naitamani nafasi ya juu. Miaka saba ya vumbi la podo si mchezo. Kohozi langu lilikuwa na rangi ya unga wa mahindi na macho yalikuwa yanawasha asubuhi hadi jioni. Fabiola alinipa maji ya chumvi nioshee, akaniambia, "Baba Margwe, utakuja kumsalimia ng'ombe shikamoo." Nilimjibu kwamba ng'ombe wengine wanastahili.

Siku nafasi ilipopatikana sikuitafuta. Tulikuwa tunapasua gogo zuri kuliko yote ya mwaka ule, limenyooka, halina fundo. Saa nne ikafika, Gidabuday akatazama bila kusimamisha msumeno. Kulikuwa na trekta huko chini, akashtuka, kumbe inapita barabarani tu. Msumeno ukaacha mstari, ukala pembeni kwa urefu wa mkono mzima kabla sijahisi kwamba unavutwa vibaya. Mbao tatu zikawa kuni.

Felician alikuja akalitazama gogo kama mtu anayetazama maiti ya jamaa. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa matusi.

"Ndugu Gidabuday, hapa tunatazama mstari," alisema. "Anayetaka kutazama ngano kuna kazi ya ngano."

Gidabuday aliogopa. Sikuwahi kumwona ameogopa. Akifukuzwa, angelinda kutoka wapi? Akasema mbele yetu sote, "Sitatazama tena. Nikitazama huko tena, nifukuze." Akashuka mwenyewe shimoni, akanyoosha mkono kunipokea upande wangu wa msumeno. Nikapanda juu.

Watu wa kwao wakishasema, wamesema. Siku za mapumziko wengine tulipoota jua kwenye uwazi ule, yeye alikaa amegeukia mlima, mgongo kwenye uwanda. Alikuwa amenikabidhi mimi macho yake. Saa nne ya siku ya kwanza, sauti ikatoka shimoni: "Lipo?"

Nikatazama. Niliona njano, na juu ya njano bluu, na kati yake kitu kinachotetemeka kama mafuta kwenye sufuria. Mstari mweusi chini ya miguu yangu niliuona vizuri sana. Cha karibu nilikuwa nakiona. Cha mbali kilikuwa kimekwisha. Vumbi lilikuwa limenichukulia uwanda wote, nami shimoni nisingejua, kwani shimoni hakuna mbali.

Ningesema pale pale. Lakini hewa ya juu ilikuwa safi, upepo ulikuwa unanipiga kifuani, na nilijua kwamba nikisema sioni, Felician atanirudisha chini kabla ya chakula cha mchana.

"Lipo," nikasema. "Vuta."

Nilisema hivyo msimu mzima. Uongo ukizoeleka unakuwa mtamu kama usingizi wa asubuhi. Nilianza hata kuupamba: leo lina kivuli, leo kuna ndege wanazunguka juu yake. Huko chini namsikia anapumua. Upepo wa magharibi ulipoleta muungurumo wa trekta aliniuliza, "Zimefika wapi?" Nikamwambia bado ziko mbali. Ilikuwa njia ya kumtuliza, nilijidanganya hivyo. Kwa kweli nilikuwa nalinda pua yangu.

Mvua zilipotulia aliomba ruhusa ya siku mbili, akachukua asali kwenye kibuyu, akashuka kumsalimu baba yake. Alirudi siku ya pili mchana. Nilikuwa nanoa msumeno. Alisimama mbele yangu, akafungua ngumi, akaweka juu ya bapa la msumeno machipukizi ya ngano yenye mizizi, udongo mwekundu umeyashikilia.

"Imeota juu ya baba," alisema. Dereva alikuwa mgeni, hakuna aliyemwambia. Kilima kilikuwa kimesawazishwa na miti yake kung'olewa. Gidabuday aliyaokota machipukizi yale penye alama ya wekundu iliyokuwa bado haijachanganyika. Akaniuliza bila kupaza sauti, "Ulikuwa unaona nini, Niko?"

"Sikuwa naona kitu," nilimjibu. "Sioni hata ule mti pale."

Angenipiga ningeshukuru. Alikaa chini, akayatazama yale majani mpaka yakanyauka kwa jua. Mimi nililia, mtu mzima mwenye watoto watano, na Fabiola akajifanya anatafuta kuni.

Tuliendelea kupasua, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayofanyika kambini. Lakini msumeno wa watu wawili hauvutiki vizuri wakiwa wamenuniana. Unasita, unauma mbao. Saa nne ilipofika hakuniuliza tena, nami juu nikaendelea kuvuta. Tulikaa hivyo mpaka ngano ikavunwa.

Siku moja nikiwa nafagia jukwaa niliuona mstari mweusi kwenye gogo la jukwaa, mkongwe, umekatiza mahali ambapo hatukuwahi kupasua kitu. Nilikuwa nimeukanyaga mara elfu. Nilimwita Gidabuday nikamuuliza ni wa nini.

Akaeleza kwamba aliupiga mwenyewe mwaka aliofika, kwa uzi na masizi ya betri, uelekee kaburini, ili hata siku za ukungu ajue pa kugeukia. Kwa mbali mstari huo ukikutana na kona ya korongo kavu, ndipo baba alipo.

Nikaona kwamba mahali pale panaweza kupatikana tena. Nikamwendea Felician, nikamwambia kila kitu, pamoja na macho yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akamwendea Gidabuday.

"Mzee," alimwambia, na hakuwahi kumwita hivyo, "tazama kadiri unavyotaka. Leo na kesho hatupasui."

Nilishuka mimi. Nilibeba begani nguzo ya mtarakwa, mti ambao mchwa hawauwezi, na mkononi msumeno wetu wa zamani niliousugua kwa mchanga hadi ukang'aa. Gidabuday alibaki juu ya ule mstari na kioo cha Fabiola. Tulikubaliana: nikifika kwenye mabua niuelekeze msumeno kwenye jua, anione. Akimulika mara moja, niende kushoto. Mara mbili, kulia. Mara tatu, nimefika. Macho yangu hayakuwa yanaona mlima wenyewe sawasawa, lakini mwanga wa kioo hata kipofu nusu anauona.

Nililala njiani kwa watu, na saa nne ya siku iliyofuata nilikuwa katikati ya mabua, peke yangu, njano pande zote. Niliinua msumeno. Nikasubiri. Huko juu, kwenye lile wingu la bluu lililokuwa mlima, cheche moja ikawaka.

Nilikwenda kushoto. Cheche mbili, nikarudi kulia kidogo. Nilikuwa natembea kama ndotoni, naongozwa na mtu aliye juu yangu nisiyemwona, na mwili wangu ulijua kazi hiyo vizuri sana, ulikuwa umeifanya miaka saba. Cheche tatu.

Nilipiga magoti. Kwa karibu naona. Nilifukua mabua kwa mikono, na chini yake, katika udongo mweusi wa uwanda ule, mlikuwa na udongo mwekundu.

Sikujua sala yao, na ya kwangu niliona haipafai. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Nikachimba, nikaisimamisha nguzo, nikaushindilia udongo kwa kisigino. Dereva mmoja wa shamba alisimamisha gari barabarani akaja kuniuliza nafanya nini. Nikamweleza. Alikuwa wa Endagikot, mtu wa kwetu, akaniambia atawaambia wenzake wote, na mwaka uliofuata walizunguka.

Nilifika kambini kesho yake asubuhi, ukungu bado umeshika. Gogo lilikuwa tayari jukwaani, na Gidabuday alikuwa anajiandaa kuingia shimoni kama kawaida. Nilimtangulia. Niliingia mimi, nikashika upande wa chini wa msumeno, nikamsubiri. Alisimama ukingoni kwa muda. Halafu visigino vile viwili vikapanda juu ya gogo.

Tukaanza kupasua. Vumbi likamwagika, likaniingia machoni, nikalivumilia. Ilipofika saa nne mwanga ukabadilika, na msumeno ukasimama wenyewe.

"Lipo?" niliuliza mimi safari hii.

Nilimsikia anapumua.

"Lipo, Niko," akasema. "Vuta."