Upepo wa Tairi za Nyuma

Kwa miaka ishirini Don Fortunato amejaza tairi za nyuma za Landikruza yake upepo wa arobaini kabla ya kuwaingiza watalii kwenye uwanda wa chumvi wa Uyuni. Nyuma alipanda mkewe Saturnina, mpishi wa safari, na masufuria, mtungi wa gesi na gunia la viazi. Alimzika mwezi Agosti, lakini bado anajaza arobaini. Jana tairi ngumu zilimrusha mtalii kitini, akajigonga kichwa kwenye paa.

"Punguza, mzee," alisema Remberto, fundi tairi. "Siku hizi nyuma huna mzigo."

"Mzigo mamako!"

Kisha akanywea. "Haya, shusha hadi thelathini."

Upepo ukatoka, na nyuma ya gari ikabonyea kidogo, vilevile kama ilivyobonyea kila alfajiri Saturnina alipopanda.