Someni Waliochukua Mbolea

Jina lake sitaandika, maana yeye ana wakili na mimi sina. Lakini ni landlord, mwenye nyumba za kupangisha Kawangware, na aliyemgongea muhuri wa kuwa mkulima ni chifu wa huko. Hao wawili ndio walikula mbolea yetu. Nimesema.

Mimi naishi Mashimoni, Kibera. Nanunua magunia matupu nawauzia kina mama wanaopanda sukuma wiki ndani yake, kwa sababu huku kwetu hakuna udongo wa kupanda chini. Siku hiyo mama yangu alikuwa amenipigia simu kutoka ushago, kijijini kwetu Western, ambako anatunza kashamba ketu. Alikuwa amejiandikisha kupata mbolea ya ruzuku, ile serikali inauzia mkulima kwa bei ya chini. Alipofika stoo akaambiwa imeisha.

"Mahindi imekuwa njano," akasema. "Hata ng'ombe ataikataa."

Bado nina hayo maneno kwa kichwa, nikaingia kwa yule landlord kutafuta magunia. Nyuma ya choo cha plot yake ya nyumba, wanaume wawili walikuwa wakimimina mbolea ya serikali kwa mifuko isiyo na maandishi. Ile ya serikali iliyobaki mitupu, yenye muhuri na onyo kwamba mbolea haiuzwi tena, ndiyo landlord alitaka ninunue.

"Mzee, shamba lako liko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, umekuja kununua ama kunihoji?"

"Nauliza tu. Hapa naona umepanda mabati."

Wale wanaume wakacheka. Yeye akavimba. "Mimi ni mkulima, nimesajiliwa. Kama hutaki, enda uulize chifu."

Nikaenda. Nilingoja baraza yake, watu wakiwa wamejaa, nikainua mkono. Nikasema mama yangu ushago ameambiwa mbolea imeisha na mahindi yake imekuwa njano, kwa hivyo nataka majina ya waliopata ruzuku yasomwe hapo, na kila mtu alichukua mifuko mingapi.

"Hayo ni mambo ya siri ya wakulima," chifu akasema. "Na wewe si wa hapa. Rudi Kibera."

"Siri gani? Mume wangu alipokufa watu walinichangia nisafirishe mwili. Kila aliyetoa alisomwa kwa spika, hata wa shilingi hamsini. Na mimi niliyepokea nikasomwa, nikiwa nimekaa pale na kitambaa cha kulia. Nani alisema ni siri? Mbona maskini akipewa anasomwa, na tajiri akipewa anafichwa?"

Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Soma, chifu! Miwani si unayo?" Baraza yote ikaanza: soma, soma. Chifu akafunga mkutano kwa maombi, na maombi yenyewe hayakufika amina.

Nje landlord alikuwa ananingoja. Sasa sauti imekuwa laini.

"Mama, tusiaibishane. Nitatuma mifuko miwili kwenu. Hiyo inatosha mahindi ya mamako."

Sitadanganya, nilimeza mate. Mifuko miwili ingeokoa yale mahindi. Nikamwambia, "Nitachukua. Lakini turudi ndani, useme mbele ya watu umenipa, na useme umeitoa wapi."

"Wewe mwanamke una kichwa ngumu."

"Hiyo ndiyo nimebaki nayo."

Akaenda zake. Mbolea haikuja. Nilipomweleza mama, akasema, "Ungechukua tu, mtoto wangu. Heshima haisagwi ikawa unga." Mwaka huo tulivuna mahindi ya kuchoma, si ya kuweka, na unga nimemnunulia mimi, wa dukani, wa jasho la magunia. Kila nikimtumia najua hasira yake ni ya haki. Yangu pia.

Landlord haniuzii tena. Chifu naye akiniona nimeingia baraza anaanza na kusema leo hakuna maswali. Mimi siketi. Juzi kina mama wanne wa Kawangware walisimama pamoja na mimi, na chifu akashindwa kuanza baraza.