Nishani ya Thomas Haworth

Kila Jumapili alasiri Bi. Doreen Haworth alifika kwa Norris Entwistle na keki yake ya tangawizi, akaipakata nishani ya baba yake, aliyeuawa vitani Ufaransa kabla yeye hajazaliwa. Norris, tarishi mstaafu wa mji wa Burnley, Uingereza, mkusanyaji wa nishani miaka thelathini, ndiye aliyeipata, na ndiye aliyemsimulia Doreen habari za baba huyo, handaki kwa handaki.

Kosa lenyewe aibu tupu. Norris alisoma jina lililochongwa ukingoni mwa nishani, namba ya askari iliyo kando yake asiilinganishe na ya baba yake Doreen. Kumbe akina Thomas Haworth walikuwa wawili kikosi kimoja, na mwenye nishani hii alirudi salama, akafa mzee, mlevi. Tangu ajue, mwaka mzima sasa, alikuwa akila keki na kuendelea kusimulia.

Leo akajikaza. "Bi. Doreen, namba hiyo si ya baba yako."

"Unadhani siijui? Mama alinifundisha namba ya baba kabla hata ya sala."

"Sasa mbona unakuja?"

"Nani mwingine atanisimulia habari zake? Kula keki, bwana wee. Tuliishia handakini, mvua inanyesha."

Norris akamega keki, akameza, na kule handakini, katika simulizi lake, mvua ikaanza kunyesha upya.