Bakuli Lililozuia Harusi ya Ndeshi

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Meru wakati wa Mjerumani, bakuli la mtu lilijulikana kama sura yake. Baba yangu alikuwa akichonga kwa tezo, na kwa tezo hakuna bakuli linalofanana na jingine. La maziwa lilikuwa refu lenye mdomo mdogo, la pombe lilikuwa na mkono wa kushikia, la wazee lilikuwa na kitako kipana kwa sababu mikono yao ilitetemeka. Kila moja lilikuwa na kasoro yake. La kwetu lililala upande, na maziwa yote yaliishia kwa mama, jambo ambalo mama hakuliona kuwa kasoro.

Kisha akaja misheni fundi seremala Mjerumani na kerezo lake. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Randa. Kerezo lilifungwa kamba kwenye gurudumu kubwa: mmoja akizungusha gurudumu, gogo nalo linazunguka, na fundi anashikilia patasi tu mpaka bakuli linatokea. Baba alijifunza upesi. Wa kuzungusha gurudumu alikuwa dada yangu Ndeshi, aliyeweza kupandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku anaimba. Mimi nilizoa takataka za mbao za kuwashia moto. Nguo zetu zilinukia mti wa mringaringa hata kanisani, na watu walipenda kukaa karibu nasi.

Haukupita muda, kila nyumba ikawa na bakuli jipya, la mviringo, laini kama shavu la mtoto. Yote yalikuwa sawasawa. Tuliona huo ndio ustaarabu.

Ndeshi alichumbiwa na Eliamani, kijana mpole wa kijiji cha juu yetu. Siku ya kupokea wakwe, majirani walileta mabakuli yao, kama ilivyokuwa desturi, ili wageni wasinywe kwa zamu. Mama yake Eliamani naye alikuja na lake. Watu walikula, wakanywa pombe ya ndizi, wakaombewa, wakaondoka. Asubuhi mama Eliamani alirudi na bakuli lenye ufa.

"Hili si langu," akamwambia mama. "Langu lilikuwa zima. Nirudishieni."

Mama akamtolea mabakuli yote yaliyobaki kwetu. Mama Eliamani akayatazama, akayageuza, akayanusa. Yalikuwa sawasawa. Hakuweza kuchagua, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nyumba inayobadilisha mabakuli ya wageni," akasema, "sichukui binti kwao."

Mama akamjibu kwamba binti huyo hakuwa akitafutiwa nyumba ya wapiga kelele. Uchumba ukafa hapo hapo uani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama bakuli lile la ufa.

Mchungaji alikwenda kusuluhisha, akarudi. Bwana Randa alipoelezwa, hakuelewa ugomvi uko wapi. "Yote ni sawa," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Achukue lolote."

Ndeshi hakulia mbele yetu. Alizungusha gurudumu kama kawaida, ila aliacha kuimba. Eliamani akawa anapita barabarani na mbuzi mmoja, anakwenda naye na kurudi naye, mpaka mbuzi akakonda.

Siku moja Ndeshi akajitwika kigogo cha mringaringa, akachukua tezo la baba, akaniambia, "Twende." Tukapanda mpaka kwa mama Eliamani. Ndeshi akamwamkia kwa heshima zote, akaketi uani bila kukaribishwa, akaanza kuchonga.

Hakuwa amewahi kuchonga. Alijua kuzungusha gurudumu tu. Mama Eliamani alimtazama kwa muda mrefu huku anamenya ndizi.

"Utajikata," akasema mwishowe.

"Nitajikata, mama."

"Unalitoboa kitako."

"Naona."

Mama Eliamani akaweka kisu chini, akaja, akamnyang'anya tezo amwonyeshe. Naye hakujua. Wakachonga kwa kupokezana mpaka jua likaegemea, wakigombana juu ya kila pigo, na mimi nikapewa ndizi nimenye. Lilipokwisha, bakuli lilikuwa na pembe, mdomo umepinda, upande mmoja mnene kama ubao wa mlango. Mama Eliamani akalishika mbali na macho.

"Hili hata nikilisahau njiani," akasema, "nitaletewa."

Kisha akamtazama Ndeshi mikono, iliyokuwa imechubuka, akaingia ndani akaleta mafuta ya ng'ombe, akampaka mwenyewe. Harusi ilifungwa baada ya mavuno.

Jioni ya harusi, wageni walipokwisha kwenda, baba alimwambia mama, "Lile la ufa lilikuwa lake lile lile. Tulikereza mti mbichi, ukapasuka ulipokauka."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipouona ule ufa."

"Na ukanyamaza?"

"Mlikuwa mnapiga kelele."

Mama hakumpikia kwa siku kadhaa. Baba akala kwa Ndeshi.

Ikaja vita, Bwana Randa akaondoka na Wajerumani wenzake, na gurudumu likaozea mvuani. Leo wajukuu zangu wanakula kwenye mabakuli ya plastiki, mekundu na ya kijani, wamevaa suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, redio imewekwa mezani kama mgeni wa heshima. Bakuli likipotea wananunua jingine dukani kabla chakula hakijapoa. Hakuna ugomvi, na nasema kweli, ni raha. Majuzi mjukuu mmoja alikosana na mama mkwe wake kwa maneno tu, wala hakukuwa na bakuli. Nikamuuliza atafanya nini. Akaniambia, "Bibi, tumehamia Arusha mjini." Ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Hajarudi kule mlimani hata kumsalimia mkwe wake.