Shekeli ya Tumbo Pana

Nakumbuka asubuhi ile bandarini Kisumu, mwanangu, wakati meli zilikuwa bado zinapiga honi na mji wote unajua ni saa ngapi. Tulikuwa tunatoa injini kwenye meli, mimi na rafiki yangu Owino, ambaye mwezi huo alikuwa apeleke ng'ombe wa mahari Katito. Kazi yetu ilikuwa kufunga mizigo ya kreni. Owino akishafunga, alikuwa anashika pini kwa mkono, anaitikisa, ndipo anaita, "Ting'!" yaani inua. Sauti hiyo naitamani hadi leo.

Shekeli, kama huijui, ni kile chuma kilichopindwa, chenye pini mdomoni, kinachoshikanisha kamba za waya na ndoano. Kuna nyembamba, yenye umbo la D. Hiyo ni ya kamba moja inayovuta moja kwa moja. Halafu kuna ya tumbo pana, inayobeba kamba mbili zilizotanuka, kila moja ikapata pa kulala. Mgeni akiziona atasema ni ndugu. Lakini vidole vya mkono havilingani.

Siku hiyo ile ya tumbo haikuwepo. Msimamizi wetu, Ojwang', alikuwa ameenda nayo Awasi kuvutia gari lake lililozama kwenye matope, akaiacha huko huko. Namtaja jina kwa sababu yeye hakuwahi kulitaja kosa lake. Akatupatia nyembamba.

Owino akamwambia, "Mzee, hii ni ya kamba moja. Tungoje ile ya tumbo."

"Chuma ni chuma," Ojwang' akasema. "Ama unaogopa kufa kabla hujaoa?"

Watu wakacheka. Owino akainama, akafunga.

Injini ilipopanda, kamba mbili zilisongamana mle ndani, zikaivuta shekeli upande. Mdomo ukapanuka, pini ikachomoka. Mimi nilitolewa pale bila mguu. Owino alitolewa akiwa amefunikwa. Matangani Ojwang' alisema ni mpango wa Mungu, akala, akaenda.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu, sisi tulisikia la mkuu.

Siku hizi mimi huenda gatini na gongo langu. Kreni imeshika kutu. Nakaa tu, nasikiliza, kana kwamba kuna mtu ataita.

Basi shika hili: kila chuma kina kazi yake, na kama kile kinachofaa hakipo, mzigo ubaki chini. Wakikucheka, wacha wacheke, kicheko hakivunji mfupa. Nyasaye akupe kutembea kwa miguu yote miwili mpaka uzeeni, na rafiki wa kuzeeka naye.