Sindano ya Siku ya Sabato

Mbwa wetu hakuwa na jina. Kwetu Sironga, miaka hiyo, majina yalikuwa ya watu na ya ng'ombe. Mbwa aliitwa esese, yaani mbwa, na mbwa wote wa mlima ule waliitwa kwa neno hilo moja, ila kila mmoja aliitika sauti ya mwenyewe tu. Wetu alikuwa na rangi ya majani chai yaliyokauka, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Baba ndiye aliyemkata angali mdogo, kwa kuwa wazee waliamini kwamba damu ya sikio hutoka na kichaa kabla hakijaingia. Ninalisema hili mapema ili msomaji asidhani tuliupuuza ugonjwa. Kinga tulikuwa nayo. Haikufanya kazi, basi.

Nilijua haifanyi kazi tangu jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni Nyamira, alipoumwa kifundo cha mguu na mbwa wake mwenyewe. Mbwa yule alikuwa na sikio lililokatwa vizuri kabisa. Kidonda kilipona. Majuma kadhaa baadaye yule mama akaanza kuogopa maji. Nilikwenda kumtazama hospitalini Kisii. Muuguzi alimletea kikombe cha chai, naye akarudi nyuma kitandani mpaka mgongo ukagota ukutani, koo likimrukaruka. Alifariki siku ya pili yake. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne wakati huo, na nilikuwa na tabia ya kuandika niliyoyaona kwenye daftari. Siku hiyo niliandika mistari miwili: kwamba alikuwa na akili zake timamu, na kwamba alijua.

Baada ya mazishi chifu aliita baraza. Alisema daktari wa mifugo angekuja uwanja wa soko siku ya Jumamosi, tangu asubuhi hadi saa sita mchana, kuwadunga mbwa sindano ya kichaa bila malipo. Mbwa aliyedungwa angevishwa kibati shingoni. Kuanzia Jumatatu askari mwenye bunduki angepita mlima kwa mlima, na mbwa asiye na kibati angepigwa risasi pale pale alipo, hata akiwa mlangoni kwa mwenyewe.

Jumamosi! Wengi wetu tulishika Sabato. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele na kusoma matangazo. Aliinuka akaomba sindano iletwe Ijumaa au Jumapili.

"Ijumaa daktari yuko Masimba," chifu akajibu. "Jumapili anapumzika. Hata yeye ana Mungu wake."

Watu wakacheka. Baba akaketi. Sikuwahi kabla ya hapo kuona watu wakimcheka hadharani, na nikajua kwamba kuanzia dakika ile hangesogea hata hatua moja.

Nyumbani alitangaza mpango wake. "Mbwa ataenda. Sisi hatutaenda."

Mlimani kwetu palikuwa na utaratibu wa tangu enzi za babu. Jumamosi, jirani yetu Mkatoliki aliwapeleka ng'ombe wetu mtoni pamoja na wake. Jumapili sisi tuliwapeleka wake. Hakuna aliyemshukuru mwenzake, maana haikuwa fadhila. Baba aliona kinachowafaa ng'ombe kitawafaa mbwa. Nyumba saba zikakubali mbwa wao wakabidhiwe jirani.

"Baba," nikamwambia, "ng'ombe humfuata yeyote mwenye fimbo. Mbwa humfuata mwenyewe."

"Kwa hiyo mbwa ana akili kuliko ng'ombe?"

"Katika hilo, ndiyo."

"Basi kama ana akili hivyo, ataelewa kwamba ni Sabato."

Mama alicheka akaficha uso kwenye kanga. Mimi sikucheka. Yule mbwa ndiye aliyelala mlangoni kwangu miaka yote ya masomo, ndiye aliyenisindikiza shuleni alfajiri kwenye ukungu, na kutoka Jumamosi hadi Jumatatu zilikuwa siku mbili tu.

Jumamosi asubuhi jirani alikuja na kamba za katani. Mbwa wale hawakuwa wamewahi kufungwa kamba maishani mwao. Kwetu kamba ilikuwa ya ng'ombe na mbuzi. Tulisaidia kuwafunga, tukanawa mikono, tukaenda kanisani. Nyuma yetu tulisikia kelele zikiteremka bondeni kuelekea sokoni.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu kanisa letu. Kila Sabato mbwa walitufuata. Hawakuingia. Walijilaza nje kando ya ukuta wa udongo, kila mmoja chini ya dirisha lililo karibu na mwenyewe, wakasubiri mpaka wimbo wa mwisho. Siku hiyo nje palikuwa kimya. Tulipofika wimbo wa pili nikasikia mtu akihema, na kucha zikikwaruza ardhi. Nikachungulia. Walikuwa wamerudi wote saba, mmoja baada ya mwingine, wakiburuta vipande vya kamba walizozitafuna. Kila mmoja alikwenda kulala mahali pake. Mbwa wetu alijinyoosha chini ya dirisha langu kana kwamba kazi aliyotumwa ameimaliza.

Nyuma yao akatokea jirani, kofia mkononi, suruali imechanika gotini. Alisimama nje ya mlango, akaninong'oneza:

"Mwalimu, mbwa zenu zimenishinda. Kwanza zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Halafu zikapatana, zikanigeukia mimi."

"Zimekuuma?"

"Zimeuma suruali. Mguu uko sawa, nimeangalia mara mbili."

"Daktari bado yuko?"

"Yuko mpaka saa sita. Sasa inakaribia saa tano. Lakini mimi, Mwalimu, na ile kamba, hapana tena."

Nikasimama. Baba alikuwa mbele akisoma matangazo ya juma. Akanyamaza, akanitazama juu ya miwani.

"Wewe. Rudi ukae."

Nilikuwa sijawahi kumkaidi, si nyumbani wala mbele ya watu. Nilitoka nje, nikashika kile kipande cha kamba, nikasema "esese", na mbwa akainuka.

Viatu nilivivua nikavishika mkononi, kwa sababu njia ya kwenda sokoni ilikuwa na matope na vile vilikuwa viatu vyangu vya pekee vya kanisani. Gauni langu jeupe halikubaki jeupe. Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya njia waliinua migongo.

"Mwalimu! Leo kanisa lenu limehamia sokoni?"

"Limehamia," nikajibu. "Na mshiriki wa kwanza ndiye huyu."

Daktari alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha shule yetu nzima. Alikuwa na meza ndogo, sanduku lenye barafu, na kadi.

"Jina la mbwa?"

"Mbwa."

"Dada, nimeuliza jina."

"Ndilo hilo."

Akaandika: Mbwa wa Mwalimu. Mbwa alilia mara moja sindano ilipoingia, kisha akanilamba kiwiko. Kibati kikafungwa shingoni kwa waya. Ningeweza kurudi nyumbani wakati huo. Nililolitaka nilikuwa nimelipata.

Daktari alikuwa akitazama sanduku lake. Chupa bado zilikuwa nyingi. "Niliambiwa mlima wenu una mbwa. Wako wapi?"

"Kanisani."

"Wanaomba?"

"Wanawasubiri wenye mbwa. Ukija sasa utawakuta wote pamoja, wamelala, na kila mmoja ana mtu anayeweza kumshika."

Akacheka, akatikisa kichwa. "Mimi nipeleke sindano kanisani kwenu siku ya Sabato? Wazee wenu watanidunga mimi."

"Usiingie ndani. Simama nje. Jumatatu mtaleta bunduki bila kutuuliza ni siku gani. Leo leta sindano."

Alizihesabu chupa kwa kidole. Kisha akafunga sanduku, akaliweka ndani ya Landrova, akamfungulia mbwa mlango wa nyuma kama abiria.

Ngurumo ya gari iliwatoa watu kanisani kabla hatujasimama. Baba alikuwa wa mbele, kwenye kizingiti, Biblia kwapani. Alimsalimu daktari kwa adabu zote.

"Karibu, mgeni. Hapa leo hapafanywi kazi. Rudi kesho."

"Mzee, kesho sipo. Jumatatu atakuja mwenzangu, naye habebi sindano."

Baba akanigeukia mimi. "Umeleta soko kanisani."

"Baba, leo asubuhi ng'ombe alikamuliwa na nani?"

Akaihamishia Biblia kwapa la pili.

"Nilimkamua mimi. Wewe ulimshika ndama. Kumshika mbwa ni kazi kubwa kuliko kumshika ndama?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikaona macho yakimtazama baba, kisha yakiniangalia mimi na gauni langu la matope. Halafu mama mmoja mzee wa kwaya akapita katikati yetu. Alikuwa dada wa yule muuza ndizi tuliyemzika. Akainama chini ya dirisha lake, akamkamata mbwa wake ngozi ya shingo.

"Mimi nimezika mmoja," akamwambia daktari. "Dunga."

Daktari akadunga. Wengine wakafuata bila kusema neno, kila mmoja kwenye dirisha lake, wanaume na makoti yao, wanawake na vitambaa vyao vyeupe. Baba hakumshika mbwa yeyote. Alirudi ndani, akaanza wimbo peke yake kwa sauti kubwa, na tulisikia beti zote nne huku waya zikikazwa shingoni mwa wale sita.

Jumatatu tulisikia risasi mlima wa pili, mara nyingi kuliko nilivyotaka kuhesabu. Mchana askari alifika kwetu. Alipita nyumba hadi nyumba akitazama shingo. Mlangoni kwangu aliinama, akakigeuza kibati kwa kidole, akaendelea na safari. Bunduki hakuishusha begani.

Sabato iliyofuata baraza la kanisa liliniita mbele. Nilitakiwa nisimame, nikiri kosa, niombe msamaha.

"Kusimama nimesimama," nikasema. "Kutubu sitatubu."

Niliondolewa katika ushirika mwaka mzima. Sikuruhusiwa kufundisha darasa la Sabato wala kuimba kwaya. Baba aliongea nami kupitia kwa mama: mwambie achote maji, mwambie kamba ya ndama imelegea. Nilifanya vyote. Kila Sabato nilikwenda, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na nje mbwa alijikuna, kibati kikagonga ukuta mahubiri yote. Watu waligeuka kunitazama. Sikumfukuza.

Mwaka ulipokwisha, baba ndiye aliyesoma tangazo kwamba nimerudishwa. Mzee mmoja wa baraza akauliza kutoka kwenye kiti chake iwapo nilikuwa nimetubu.

Baba akavua miwani, akaifuta polepole. "Yupo pale mlangoni," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Nikasubiri nikiwa nimesimama, jibu likiwa tayari. Hakuna aliyeniuliza.