Niliacha malori Kurasini nikiwa na miaka 48, nikaenda kupuliza tarumbeta harusini

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa zangu shikamooni. Hii ni stori yangu mwenyewe, siyo ya rafiki wala ya binamu. Siyo chai ya kutunga. Anayetaka chai apite uzi mwingine.

Mie darasa la saba, tena nilivuka kwa kuchungulia. Lakini fika Kurasini kwenye yadi za makontena, uliza nani alianza kama kuli akaishia na malori yake mwenyewe. Utaonyeshwa mie. Sikubebwa na mtu. Nyumba yangu Temeke ni ya ghorofa, na nilisimama na mafundi mpaka tofali la mwisho.

Sasa ndani ya huyo mtu kulikuwa na ishu moja hakuna aliyeijua.

Tarumbeta.

Mliokulia huku mnajua. Jumamosi mchana kirikuu inapita, vijana wamekaa nyuma wanapuliza, gari la bibi harusi linafuata, kina mama wanacheza barabarani. Utotoni wenzangu walikuwaga wanakimbilia kucheza. Mie nasimama tu. Ile sauti inaniingia kifuani, halafu inaendelea na safari yake, inapotelea Chang'ombe huko, na mie bado nimesimama kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Nimeishi hivyo mpaka utu uzima. Niko kikaoni na mawakala wa forodha, harusi ikipita nje, mie simo tena kwenye kile chumba.

Nilipofikisha 48 nikamwambia mke wangu, Mama Salma, kwamba yadi namwachia mdogo wangu, mie nakwenda kujifunza kupuliza. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele wake, halafu akasema:

"Baba Salma, nakupa mpaka Ramadhani. Ukipuliza kwenye harusi moja, harusi ya watu, siyo ya ndugu zako, sikuulizi tena. Ukishindwa unarudi kwenye malori, na hilo bomba nalifungia kabatini."

Nikakubali. Mie nimeshinda makubwa kuliko hayo.

Nikaingia kikundi kimoja cha Mbagala. Kiongozi wao tumwite Shabani, umri wa mwanangu wa kwanza, lakini ilibidi nimwite mwalimu. Miezi mitatu alinibebesha ngoma kubwa. Kuli wa zamani nimerudi kuwa kuli.

Kupuliza nilijifunzia yadini, ndani ya kontena tupu, maana nyumbani majirani walishanipeleka kwa mjumbe.

Wakuu, sijui niwaelezeje.

Mlango nauacha wazi kidogo, mwanga unaingia kama utepe, vumbi linaelea humo. Napuliza sauti moja. Inakwenda mpaka mwisho wa kontena, inarudi, inanikuta bado napuliza, zinakuwa mbili. Nilikuwa nasahau kula. Kuna mchana nilijiona kama kontena limeshapakiwa melini, tuko baharini, linakwenda nisikokujua, na sina haraka ya kufika.

Tuendelee.

Wiki ya mwisho kabla ya mfungo harusi huwa nyingi, wapulizaji hawatoshi. Shabani akanipa nafasi. Bibi harusi anatoka kwao Kipawa, ukumbi uko Kigamboni. Kazi yangu ni kupuliza peke yangu pale mlangoni wakati anaingia, wenzangu wadakie baadaye. Akaniambia:

"Mzee, njiani puliza kidogo kidogo. Midomo ni nyama, inachoka. Itunzie mlangoni."

Nilimsikia vizuri kabisa.

Tatizo, kwenda kwenye daraja la Kigamboni msafara unapita Kurasini.

Madereva wangu, mawakala, mpaka mama lishe wangu, wote wako barabarani. Dereva mmoja akasema kwa sauti, "Bosi kafilisika huyo, anatafuta pilau." Watu wakacheka sana.

Hapo nikajichanganya. Nilisimama juu ya kirikuu nikapuliza kwa nguvu zangu zote, sauti za juu tupu, kuanzia pale mpaka tunamaliza daraja. Na sijisifu, sijawahi kupuliza vile. Maji chini yanameremeta, zile nyaya za daraja zinapita kushoto na kulia, nikajiona nimezidi urefu wake. Shabani alikuwa ananivuta shati. Sikugeuka.

Tukafika ukumbini. Bibi harusi mlangoni, kamshika baba yake mkono. Mama Salma naye kaja na msafara kushuhudia, kasimama na wapishi.

Nikaweka tarumbeta mdomoni.

Ikatoka hewa.

Nikarudia. Hewa. Midomo imevimba, imekufa ganzi, kama ya kuazima. Ndani mtu akacheka. Nikamwona Shabani anainua ya kwake, nikajua basi, kabati linanisubiri.

Yule binti akaniangalia chini ya shela, akasema polepole, "Taratibu tu baba. Hata mie naogopa."

Nikaacha kutafuta sauti za juu. Nikashuka chini kabisa, kule midomo haitakiwi kukaza. Ikatoka moja, ndogo, ina mikwaruzo kama mtu anayetoka usingizini. Akapiga hatua. Nikatoa nyingine. Akapiga nyingine. Ukumbi mzima tukawa kama tunamwota wote kwa pamoja. Alipofika katikati ndipo Shabani na wenzake wakadakia.

Tukirudi nyumbani, juu ya daraja, Mama Salma akanigeukia.

"Nimesikia ulivyowafokea watu wa Kurasini kwa hilo bomba," akasema. "Ile haikuwa harusi. Ya mlangoni ndiyo harusi. Imehesabika."

Shabani alinirudisha kwenye ngoma miezi miwili kwa ukaidi wangu. Nilistahili. Sasa hivi napuliza kila Jumamosi, na vijana wenyewe watakwambia sauti za chini hakuna wa kunigusa.

Nilichojifunza: ukibadilisha kazi ukubwani, usiipeleke kazi mpya kwa watu wa kazi ya zamani ili wakupigie makofi. Utaimalizia njiani, na wanaokungoja utawafikia mtupu.

Haya, mwenye kitu amekilaza moyoni miaka yote akiseme hapa, tusikie. Na wa kunicheka karibuni pia. Kirikuu ikipita mtaani kwenu mtanijua, mie ndiye ninayepuliza nimefumba macho.